Kabla ya Kununua Rauta Nyingine

Ndugu wanakikundi, mwezi jana nilikaa na akina mama waliotaka kutoa pesa za mzunguko wanunue rauta mpya ya ukumbi wao. Siku za kawaida ile ya zamani ilifanya kazi sawasawa. Siku ya mkutano, waliofika mwisho hawakupata intaneti hata kidogo, na mweka hazina akashindwa kuchapisha hesabu. Wote walisema rauta imechoka. Kumbe wapi!

Rauta ni kama karani wa mlangoni. Kila simu, kompyuta au printa inayoingia hupewa namba yake, yaani anwani, kwa mfano 192.168.1.25, ili rauta ijue ujumbe upi ni wa nani. Namba hizi ni za ndani tu. Jirani anaweza kuwa na zile zile na pasiwe na ubaya. Kwa kawaida sehemu ya mwisho huanzia 1 hadi 254, kwa hivyo nafasi si haba.

Lakini fundi aliyewawekea rauta aliiachia igawe namba 20 peke yake, na kila namba ishikwe masaa 24. Kijana aliyepita asubuhi akaunganisha simu, hata akienda zake, namba yake bado imeshikwa mpaka kesho. Zikiisha, anayefuata hukosa.

Tulifanya nini? Tulisoma kibandiko kilicho chini ya rauta, tukaandika ile 192.168.1.1 kwenye kompyuta, ukurasa wa mipangilio ukafunguka. Tukaruhusu namba kutoka 100 hadi 200, na muda tukapunguza kuwa masaa mawili. Printa tukaihifadhia namba yake ya kudumu, ndiyo kompyuta isiitafute kila siku. Hatukulipa hata shilingi. Msitarajie kasi zaidi, lakini: watu 40 wakigawana bando moja, kila mmoja anapata kijiko.

Kuna wakati kununua ni lazima. Zile rauta ndogo za mfukoni nyingi hubeba vifaa 10 au 16 tu kwa mara moja, na hapo kuongeza namba hakusaidii. Mkienda dukani, ulizeni inabeba vifaa vingapi kwa pamoja, na kama inakubali laini ya kampuni yoyote au imefungwa kwa moja. Angalieni tundu la waya wa kompyuta. Na kama ukumbi una vyumba, jueni kwamba mawimbi ya 2.4 hupenya kuta kuliko yale ya 5, ingawa ya 5 yana mbio zaidi ukiwa karibu.

Kilichotuchelewesha siku ile ni neno la siri la mipangilio. Fundi alikuwa amelibadilisha na kuondoka nalo kichwani, ikabidi apigiwe simu mara tatu. Sasa liko kwenye daftari la katibu, na daftari liko ndani ya sanduku lenye kufuli.