Si Kila Kuwashwa Sehemu za Siri ni Ugonjwa wa Zinaa



Leo nataka tuongee juu ya jambo ambalo haliingii kwenye ajenda ya mikutano yetu. Tunaongea juu ya mbuzi wa maziwa, mikopo na mashimo ya choo. Hata Ukimwi tumezoea kuutaja bila kuinamisha kichwa. Lakini kuwashwa sehemu za siri bado hakutajwi. Mtu husubiri mkutano uishe, wenzake waondoke, kisha ajifanye anakunja mkeka ndipo aseme.

Hivyo ndivyo alivyofanya mama mmoja wa kikundi ninachokitembelea huko Ukambani. Alibaki nyuma akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mimi nimeoza." Kumbe hakuwa ameoza. Alikuwa anawashwa kwa karibu miaka miwili, usiku zaidi, mpaka anajikuna akiwa usingizini na kuamka na damu kwenye kucha. Mara tatu alikuwa ametibiwa ugonjwa wa zinaa bila kupimwa. Mume wake naye akatibiwa, na baada ya mara ya tatu akahamia kulala chumba kingine, akiuliza huo ugonjwa unatoka wapi kila mara kama si nje. Naye mama, ili awe safi, alikuwa anajiosha mara nne kwa siku kwa sabuni ya kufulia na matone ya dawa ya kusafishia vidonda. Kadiri alivyojiosha, ndivyo alivyowashwa.

Mwishowe alipimwa vizuri. Vipimo vyote vilikuwa safi. Shida yake ilikuwa ya ngozi: ukurutu, ule ule ambao tunauona kwenye viwiko na nyuma ya magoti ya watoto. Wengine huuita pumu ya ngozi. Ameniruhusu niwaandikie habari hii bila jina lake, kwa sababu anasema hayuko peke yake. Nami najua ni kweli.

Ukurutu ni nini

Fikirieni ukuta wa nyumba ya udongo. Ukisiribwa vizuri, mvua haiingii. Plasta ikipasuka, maji yanaingia na ukuta unaanza kumomonyoka. Ngozi nayo ina plasta yake, mafuta ambayo mwili wenyewe unayatengeneza. Kwa mtu mwenye ukurutu plasta hiyo ni dhaifu. Unyevu wa ngozi unatoka, na vitu vya kuchoma kama sabuni, jasho na marashi vinaingia. Ngozi inakasirika, inawasha, mtu anajikuna, plasta inapasuka zaidi, basi anawashwa tena. Huo mzunguko ndio ugonjwa wenyewe.

Mara nyingi huwa ndani ya ukoo. Utakuta katika familia hiyo kuna mtu mwenye pumu, au anayepiga chafya kila wakati wa vumbi. Lakini mtu anaweza kuupata ukubwani bila historia yoyote, kwa kugusana tu na kitu ambacho ngozi yake haikipendi. Hauambukizi. Haupiti kwa kitanda, kwa taulo, kwa choo, wala kwa tendo la ndoa. Mume hawezi kuupata kwa mke wala mke kwa mume.

Sehemu za siri huumia zaidi kwa sababu ngozi ya hapo ni nyembamba, imekunjana, ina jasho na haipati hewa. Mwaka 1967 watafiti wawili wa Marekani, Feldmann na Maibach, walipima jinsi dawa inavyopenya ngozi ya sehemu mbalimbali za mwili. Waligundua kwamba dawa ya haidrokotisoni hupenya kwenye ngozi ya mfuko wa korodani zaidi ya mara 40 kuliko kwenye mkono. Mkumbuke hiyo namba, maana tutairudia tukifika kwenye krimu.

Vitabu vingi husema ngozi yenye ukurutu huwa nyekundu. Kwetu sisi wenye ngozi nyeusi huo wekundu mara nyingi hauonekani. Utaona mahali pamekuwa peusi zaidi, au pa kijivu, au rangi ya zambarau. Ukijikuna miezi mingi, ngozi huwa nene yenye mistari, kama kisigino. Ikishapona, madoa meusi au meupe hubaki kwa miezi kadhaa. Hayo si ugonjwa tena. Wacheni yaondoke yenyewe, msiyapake mkorogo.

Usafi unaoumiza

Hapa ndipo nataka nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo sisi akina mama tunajiumiza wenyewe tukidhani tunajitunza.

Tumefundishwa tangu wasichana kwamba harufu ni aibu. Kwa hiyo tunatumia sabuni ya kipande, sabuni ya unga, chumvi, limau, dawa za kuua viini, poda, na siku hizi vitambaa vyenye maji na marashi. Mtu mzima mwenye ngozi nzima anaweza kuvumilia baadhi ya hivyo. Mwenye ukurutu hawezi. Kwake yeye hiyo ni kama kumimina maji ya limau kwenye kidonda kila asubuhi.

Na kujiosha ndani ya uke ni hatari hata kwa asiye na ukurutu. Uke unajisafisha wenyewe. Kule Mombasa, watafiti waliwafuatilia kwa miaka 10 wanawake waliokuwa wakifanya kazi ya ukahaba, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Wale waliojiosha ndani walipata virusi vya Ukimwi zaidi kuliko wale ambao hawakujiosha ndani, na waliotumia sabuni walikuwa na hatari kubwa kuliko waliotumia maji peke yake. Osheni nje tu, kwa mkono na maji, bila brashi wala kitambaa kigumu. Mara moja kwa siku inatosha.

Kisha kuna nguo za ndani. Sehemu nyingi tunazoishi, maji ni ya kubeba kwa mgongo au kwa punda, na mengine ni ya kisima cha chumvi. Mama anafua nguo zote kwa karai moja na kusuuza kwa yale maji kidogo yaliyobaki. Sabuni inabaki kwenye kitambaa, na siku ukitoka jasho inayeyuka na kuchoma ngozi. Simlaumu mtu, maji ni machache. Lakini tunaweza kubadilisha zamu: chupi zifuliwe kwanza kwa sabuni kidogo, zisuuzwe mara mbili kwa maji safi, na hayo maji ya kusuuza yatumike kuanza kufua nguo nyingine.

Na mnazianika wapi? Chini ya leso, ndani ya nyumba, au nyuma ya mlango, ili baba mkwe asizione. Hazikauki. Unazivaa zikiwa na unyevu, na fangasi wanapenda unyevu. Kikundi kimoja kilijenga uzio mdogo wa makuti nyuma ya bafu, wakafunga kamba ndani yake, jua linaingia na macho hayaingii. Hakuna mradi rahisi kuliko huo. Vaeni za pamba zisizobana, na usiku mlale bila chupi. Wakati wa hedhi epukeni pedi zenye marashi, na mbadilishe mapema.

Krimu za duka la dawa

Mtu mwenye aibu haendi zahanati. Anaenda dukani jioni, anaomba "ile krimu ya kuwashwa", anapewa tyubu. Mara nyingi ile tyubu ni mchanganyiko: dawa ya fangasi, dawa ya bakteria, na steroidi kali, zote pamoja. Siku ya pili mwasho umeisha na mtu anashukuru Mungu. Akiacha, mwasho unarudi na wenzake. Basi ananunua nyingine.

Sasa ile namba 40. Steroidi ambayo kwenye mkono au mguu ingefanya kazi polepole, huku chini inaingia kwa wingi na kwa haraka. Ikitumika wiki nyingi, ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi na inachanika. Kwenye mapaja hutokea michirizi ambayo haifutiki tena. Kama shida ilikuwa choa, steroidi hunyamazisha mwasho na huku choa kinaendelea kutambaa. Na ile dawa ya bakteria ndani yake, hasa neomaisini, yenyewe huwaletea watu wengine ukurutu mpya. Mtu anajipaka ugonjwa akidhani ni dawa.

Steroidi si sumu. Nimesikia wengine wakisema tusiiguse kabisa, na hilo pia si kweli. Iliyo hafifu, yaani haidrokotisoni ya asilimia 1, ikitumika kwa siku chache na kwa maelekezo ya mhudumu wa afya, ndiyo hutuliza ukurutu. Kinachohitajika ni kiasi cha punje moja ya minji, kupakwa mara moja au mbili kwa siku, kwa wiki moja au mbili, halafu kupunguza.

Akina baba nao

Msiruke sehemu hii mkidhani habari ni ya akina mama. Mwanamume anayekaa kwenye pikipiki au matatu mchana kutwa na suruali nzito ana joto na jasho la kutosha kuanzisha mwasho. Kuna njia moja ya kusaidia kutofautisha. Choa cha kinena hushika mapaja ya ndani, kina ukingo ulioinuka unaotambaa kwenda nje, na kwa kawaida hakigusi mfuko wa korodani. Ukurutu ndio hupenda mfuko wenyewe, ngozi ikawa kavu, nene na yenye kuwasha vibaya usiku. Ukiona vipele kwenye uume au korodani, na katikati ya vidole pia panawasha, na watoto nyumbani wanajikuna, huo ni upele, na lazima nyumba nzima itibiwe siku moja.

Kwa mama, uchafu mweupe mzito kama maziwa yaliyoganda, pamoja na mwasho, huwa fangasi wa ukeni. Wakirudi mara kwa mara, omba upimwe kisukari na pia virusi vya Ukimwi.

Kuutuliza

Ukurutu hutulizwa, na wengi hukaa muda mrefu bila dalili, lakini una tabia ya kurudi. Yule mama niliyewaeleza aliacha sabuni zote. Alijiosha kwa maji ya uvuguvugu, akajipangusa kwa kugusagusa bila kusugua, akapaka mafuta ya mgando yasiyo na marashi asubuhi na jioni, na pia kabla ya kwenda haja ndogo pale palipochanika, ili mkojo usimchome. Afisa wa kliniki alimpa haidrokotisoni ya siku 10. Alikata kucha. Usiku mwasho ukimzidi, anaweka kitambaa kilicholowekwa maji baridi badala ya kujikuna. Alijaribu Piriton pia, nayo ilimsaidia kusinzia, lakini haiponyi ngozi.

Baada ya wiki tatu alilala usiku kucha. Bado humrudia wakati wa vumbi, naye hurudia mafuta yake bila hofu. Mume wake alikuja kliniki mara moja, akaelezwa na mhudumu mwenyewe. Hilo lilimsaidia mama kuliko krimu, nadhani.

Jambo moja kwa wanandoa: ngozi ikiwa imechanika, pumzikeni kwanza. Na wale wanaotumia kondomu wajue kwamba mafuta ya mgando hudhoofisha mpira na unaweza kupasuka. Nalisema kwa sababu ni la usalama.

Wakati wa kwenda zahanati

Sijasema kwamba kila mwasho ni ukurutu. Nenda upesi ukiwa na kidonda, hata kisichouma, maana kaswende huanza na kidonda kisichouma. Nenda ukiwa na malengelenge, usaha, uchafu wenye harufu, homa, au maumivu ya chini ya tumbo. Nenda kama ngozi imekuwa nyeupe na kung'aa, au midomo ya uke inaonekana kusinyaa. Huo ni ugonjwa mwingine wa ngozi unaohitaji dawa kali chini ya daktari, na ukiachwa miaka mingi unaweza kuleta saratani. Uvimbe au kidonda kisichopona kwa wiki kadhaa, usikisubiri. Na mtoto akiwa na kidonda, damu au maumivu huko, msinyamaze na msimuoshe kwa dawa. Mpelekeni siku hiyo hiyo.

Kama waona aibu kuanza, mwambie kwanza mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu, naye akusindikize. Ukifika, usiseme "naumwa tumbo" halafu utumaini daktari atabahatisha. Sema: "Nawashwa sehemu za siri tangu mwezi fulani. Huzidi usiku. Najiosha kwa hiki na hiki." Beba kila tyubu uliyotumia, hata ile uliyoazima kwa jirani. Unaweza kuomba uangaliwe na muuguzi wa kike kama yupo. Na ukiandikiwa dawa kabla hujaangaliwa, omba kwa heshima uangaliwe kwanza, maana ngozi hutambuliwa kwa macho.