Maji Yasiyoandikwa: Old Fashioned ya Wageni Wengi

Fungua kitabu chochote cha kokteli kwenye ukurasa wa Old Fashioned. Utakuta wiski ya Bourbon mililita 60, sukari kidogo, mitikiso miwili mitatu ya chupa ya bitasi, ganda la chungwa. Kwa mnywaji mmoja maelezo hayo yanatosha. Balaa huanza pale mwenye shughuli anapozidisha kila kitu mara 24, akamimina kwenye jagi na kulitia friji tangu asubuhi. Jioni wageni wanapewa kitu kinachokwangua koo na kunata mdomoni kwa utamu. Wengi hapo huilaumu wiski, na safari inayofuata hununua ya bei ghali zaidi, matokeo yakawa yale yale. Kilichokosekana ni maji. Yamesahaulika kwa sababu kitabu hakikuyaandika.

Hakikuyaandika kwa kuwa huletwa na barafu. Mhudumu wa baa anapokoroga wiski na barafu kwa nusu dakika hivi, mteja anaona kinywaji kinapoa tu. Ndani ya glasi yanakwenda mambo mawili yasiyotenganishika. Gramu moja ya barafu inapoyeyuka hunyonya jouli 334 za joto, na joto hilo linatoka kwenye wiski. Kinachopoza, basi, ni huko kuyeyuka kwenyewe, na kila barafu inapoyeyuka maji yanaingia. Tena pombe huteremsha kiwango cha kuganda, ndiyo maana barafu huendelea kuyeyuka hata mchanganyiko ukishapita nyuzi sifuri kwenda chini, na kokteli iliyokorogwa vizuri huwa baridi kuliko barafu ilivyokuwa inapoanza kutoa maji. Ukipima Old Fashioned inayotoka kwa mtu anayeijua kazi yake, utakuta maji ya barafu yamekaribia robo ya ujazo wa vitu vyote alivyotia.

Friji haina habari na hayo. Inapoza bila kuongeza hata tone. Kwa hiyo anayetayarisha mapema ana kazi moja ya ziada ambayo mhudumu wa baa hana: kuyapima yale maji kwa mkono wake na kuyatia yeye mwenyewe. Akishafanya hivyo anapata kitu ambacho baa yenye foleni haiwezi kumpa, yaani glasi ya kwanza na ya ishirini na nne zenye ladha moja, na yeye mwenyewe akiwa amekaa na wageni wake badala ya kusimama nyuma ya meza akikoroga.

Watu wa zamani hawakuhitaji kuambiwa. Mwaka 1806 gazeti moja la mji wa Hudson, jimbo la New York, lilimjibu msomaji aliyeuliza kokteli ni nini, na katika jibu hilo vilitajwa vitu vinne: pombe kali, sukari, maji na bitasi. Maji yametajwa waziwazi, kwani wakati huo barafu ilikuwa bado si kitu cha kila siku. Jerry Thomas, aliyetoa kitabu cha kwanza mashuhuri cha wahudumu wa baa wa Marekani mwaka 1862, alikuwa na kokteli ya chupa iliyotengenezwa kwa brandi, na theluthi moja ya kipimo chake ilikuwa maji. Mwaka 1892 kampuni ya Heublein ya Hartford, Connecticut, ilianza kuuza kokteli zilizokwisha kuchanganywa kwenye chupa. Hivyo anayedhani kokteli ya jagi ni uvivu wa siku hizi ana deni la miaka zaidi ya mia moja.

Jina Old Fashioned lenyewe lilizaliwa katika karne ya 19, wahudumu walipoanza kuzidisha madoido, mara likeri hii mara ile, na wateja wenye misimamo wakaanza kuagiza kokteli ya mtindo wa kale. Mjini Louisville, Kentucky, utasimuliwa kwamba ilibuniwa katika klabu ya Pendennis. Simulizi tamu, ila klabu hiyo ilianzishwa mwaka 1881, na gazeti la Chicago lilikuwa limeshazitaja kokteli za mtindo wa kale mwaka 1880. Louisville haijali. Mwaka 2015 iliitangaza Old Fashioned kuwa kokteli rasmi ya mji, na kila mwaka inaifanyia sherehe za wiki mbili.

Tuingie jikoni. Chupa ya Bourbon kwanza. Sheria ya Marekani inataka angalau asilimia 51 ya nafaka iwe mahindi, wiski ikae kwenye pipa jipya la mwaloni lililochomwa ndani mpaka likawa jeusi, na isitiwe rangi wala ladha ya nje. Si lazima itoke Kentucky, ingawa nyingi hutoka huko. Kwa kazi yetu, kinachohitaji kusomwa kwa makini kwenye lebo ni nguvu ya pombe. Kiwango cha chini kabisa ni asilimia 40. Nyingine ni 45, na zile zinazotengenezwa kwa kufuata sheria ya mwaka 1897 ya kuwekwa chini ya usimamizi wa serikali huwa 50 kamili. Lebo za Kimarekani mara nyingi huandika pia namba iliyo maradufu ya asilimia, kwa hiyo ukiona 90 jua ni 45. Mimi kwa jagi la wageni huchagua ya 45 au 50. Ya 40 si mbaya, lakini ikishaingia sukari na maji inabaki sauti ya chini mno. Ile adimu ya miaka kumi na mitano iache kabatini. Haina sababu ya kuzamishwa kwenye shira.

Na shira yenyewe ipikwe tofauti na ile ya kaimati. Mpishi wa pwani huichemsha mpaka ivute uzi. Hapa tukichemsha hivyo maji yanaruka na kipimo kinaharibika. Weka gramu 200 za sukari na mililita 100 za maji kwenye sufuria, pasha moto mdogo ukikoroga, na punje zikishayeyuka zote ondoa jikoni. Utapata mililita 225 hivi, zinazotosha chupa mbili za wiski na baki. Sukari ya kahawia ina harufu ya miwa inayoelewana na pipa la mwaloni. Nyeupe nayo inafaa. Iliki hapana.

Bitasi ni zile chupa ndogo za dawa chungu ya mizizi na magome. Mashuhuri kuliko zote ni Angostura, iliyoanzishwa mwaka 1824 na daktari Mjerumani, Johann Siegert, katika mji wa Venezuela uliokuwa na jina hilo, na sasa hutengenezwa Trinidad. Tahadhari: ndani yake kuna pombe asilimia 44.7. Matone machache kwenye soda ya mgeni asiyekunywa ni jambo la kumuuliza kwanza.

Sasa vipimo. Kwa chupa moja ya mililita 750 yenye nguvu ya asilimia 45, tia shira mililita 90, bitasi mililita 15 na maji mililita 200. Jumla inapita lita moja kidogo, sawa na glasi 12 za mililita 85. Nguvu ya mwisho ni karibu asilimia 32, palepale ambapo mtu angeipata kama angekorogewa moja moja. Ukitumia wiski ya asilimia 50, maji yapande hadi 300. Ukitumia ya 40, yashuke hadi 120. Chupa za Ulaya kwa kawaida ni mililita 700. Aliye huko apunguze kila kitu kwa sehemu moja ya kumi na tano, au, kwa lugha ya jikoni, apunguze kidogo na kuonja.

Hesabu hiyo ya bitasi iko chini kidogo ya ile ambayo kuzidisha kungekupa, na ni kwa makusudi. Mtikiso mmoja wa chupa ni kama mililita 0.8, ila hakuna mikono miwili inayotikisa sawasawa. Chupa iliyojaa hutoa kidogo, iliyokaribia kwisha hutapika. Uchungu ukizidi huwezi kuutoa, ukipungua unaongeza. Basi pima kwa kijiko, anza na kiasi hicho, onja, kisha amua.

Kuhusu maji, tumia yale unayokunywa kwa raha. Ya bomba yenye harufu ya klorini yataipeleka harufu hiyo moja kwa moja puani, kwa sababu karibu sehemu moja ya tano ya kinywaji haina pa kujificha. Yaliyochemshwa na kupoa, au ya chupa yasiyo na gesi, yanafaa.

Changanya kwenye jagi la kioo ikiwezekana, uone kinachoendelea. Shira ni nzito kuliko wiski. Ukiimimina inashuka kama nyuzi zinazotetemeka, kisha inalala chini, tabaka la uwazi ambalo jicho la haraka halilioni. Mtu akikoroga mara mbili akaridhika, glasi za juu zitakuwa kali na za chini zitakuwa peremende. Koroga kwa kijiko kirefu kinachogusa sakafu ya jagi mpaka zile nyuzi zipotee kabisa. Kisha onja, lakini usihukumu kikiwa na joto la chumba, maana ukali na utamu hujitokeza zaidi kinywaji kikiwa vuguvugu. Tia kidogo kwenye glasi ndogo, iweke friza dakika kumi, ndipo uamue.

Baada ya hapo tumia faneli, jaza chupa safi, funga, weka friji usiku kucha. Saa moja au mbili kabla ya wageni zihamishie friza. Usizisahau humo, na usizijaze hadi shingoni. Friza ya nyumbani huwa nyuzi 18 chini ya sifuri, na mchanganyiko wa nguvu hii uko mpakani, unaweza kuanza kufanya vipande vya barafu. Havidhuru, ila kinachobaki majimaji kinakuwa kikali kuliko ulivyopima, na unajikuta umerudi kule kule ulikokimbia.

Kuna swali moja la kuamua mapema: glasi zitakuwa na barafu au hazina? Ukimimina kinywaji cha baridi kali kwenye glasi tupu iliyopozwa, vipimo vya juu ni sahihi. Ukitaka barafu, na wageni wengi huitaka kwa macho kabla ya mdomo, punguza maji ya jagini kwa theluthi moja, kwani barafu itamalizia kazi polepole. Pande moja kubwa la barafu ni bora kuliko vipande vidogo vingi, kwa kuwa eneo linaloguswa na kinywaji ni dogo na linayeyuka taratibu. Ile ya mifuko, yenye vipande vya tundu katikati, huyeyuka mgeni akiwa bado anasalimiana na watu.

Maganda ya machungwa yasiingie chupani. Yakilala humo usiku kucha yanatoa uchungu wa ile nyama nyeupe na kuua harufu mpya. Yachonge siku hiyo, mapana kama kidole gumba, yafunike kwa kitambaa chenye unyevu. Wakati wa kugawa, ganda likunjwe juu ya glasi, upande wa rangi ukitazama chini. Ukiangalia dhidi ya mwanga utaona vumbi la mafuta likitua juu ya kinywaji. Mpe mtu mmoja kazi hiyo, mpwa wako aliyetimiza umri kwa mfano. Hapo ndipo wageni wanapoamini kwamba kila glasi imetengenezwa upya, na sioni sababu ya kuwakatalia.

Utaratibu huu haubebi kila kokteli ya Bourbon. Manhattan ina vamuthi, ambayo ni divai, kwa hiyo nguvu yake ya mwisho ni ndogo zaidi na ikiingia friza inageuka uji wa barafu. Ibaki friji. Whiskey Sour ina limau, na maji ya limau hupoteza uchangamfu wake ndani ya siku moja. Wiski, shira na maji vinaweza kukutana tangu jana, lakini limau likamuliwe siku ya shughuli, na kinywaji kitikiswe kwa barafu. Hakuna njia ya mkato hapo.

Old Fashioned isiyo na ganda wala tunda, ikibaki, inakaa friji wiki kadhaa bila kubadilika sana, mradi chupa imefungwa. Andika juu yake kwa herufi kubwa neno POMBE, na tarehe. Rangi yake ni ya chai ya rangi iliyopoa, na kwenye nyumba yenye watoto, au mgeni anayejitafutia kinywaji friji ikiwa wazi, mililita 85 zina pombe nyingi kuliko chupa nzima ya nusu lita ya bia ya kawaida. Jagi la maji baridi na sahani ya nyama vitangulie mezani kabla ya chupa hiyo.