Walipotea na ndege zao vitani, watu wa kujitolea wanawarudisha kwa jina

KATIKA misiba yote inayoweza kuifikia familia, upo mmoja ambao wazee husema hauishi: msiba usio na kaburi. Mtu ametoka nyumbani mzima, hakuonekana tena, na hakuna mwili wa kuosha wala wa kuzika. Mkiweka matanga, mama anauliza mnaweka ya nani. Msipoweka, miaka inapita watu wakitazama njia.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kati ya mwaka 1939 na 1945, msiba wa namna hii uliingia katika maelfu ya nyumba kwa kupitia karatasi ndogo. Mpeleka simu za maandishi alibisha hodi, akatoa bahasha, na ndani yake mlikuwa na maneno machache: mwanao aliruka na ndege usiku, hakurudi, hajulikani alipo. Baada ya miezi kadhaa ilikuja barua nyingine ikisema sasa anahesabiwa kuwa amekufa. Alifia wapi, na nani alikuwa naye, mara nyingi hakuna aliyeweza kueleza.

Leo, zaidi ya miaka 80 baadaye, wajukuu wa familia hizo wanapata majibu. Wengi wao hawayapati kwa ofisa wa serikali. Wanayapata kwa watu wasiowajua kabisa: wastaafu, walimu, mafundi na wakulima, hasa wa Uingereza na Uholanzi, ambao hukesha mbele ya kompyuta wakikusanya habari za marehemu wasio ndugu zao na kuziweka kwenye tovuti ambazo kila mtu anaweza kuzisoma bure. Hakuna anayewalipa.

Ndugu msomaji, wiki hii tuwape watu hao ahsante yao, kisha tujiulize wametufundisha nini.

Vijana saba, ndege moja

Ndege kubwa ya mabomu ya Waingereza iliyoitwa Lancaster ilibeba watu saba. Alikuwapo rubani, fundi wa injini, mwongoza njia, mtupa mabomu, mtu wa redio, na wapiga bunduki wawili, mmoja juu ya mgongo wa ndege na mwingine peke yake mkiani. Wengi wao walikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu. Walitoka Uingereza yenyewe, Canada, Australia, New Zealand, Poland, visiwa vya Karibiani, na wachache Afrika Magharibi.

Katika kamandi ya ndege za mabomu ya Uingereza walihudumu vijana wapatao 125,000. Waliokufa ni 55,573. Maana yake ni kwamba katika kila vijana kumi waliopanda ndege hizo, zaidi ya wanne hawakurudi kwa mama zao.

Ndege nyingi zilianguka usiku. Nyingine zilizama baharini, nyingine ziliungua mpaka hakuna kilichobaki cha kutambua. Huko Runnymede, karibu na London, kuna jengo la kumbukumbu lililofunguliwa mwaka 1953. Katika kuta zake yamechongwa majina zaidi ya 20,000 ya watu wa jeshi la anga ambao makaburi yao hayajulikani.

Habari zao hazikupotea zote. Zilitawanyika. Daftari la kikosi liliandika namba ya ndege, majina ya waliopanda na saa ya kuondoka. Mahali pa kuandika saa ya kurudi paliandikwa tu kwamba haikurudi. Wajerumani nao waliandika ndege walizoangusha. Ofisi za vijiji ziliandika waliozikwa. Na mzee fulani kijijini alikumbuka usiku ule moto ulipoanguka kutoka mbinguni. Kila mmoja alishika kipande, na hakuna aliyekuwa na habari nzima.

Kazi ya watu wa kujitolea ni kuunganisha vipande hivyo. Wanasoma daftari ukurasa kwa ukurasa, wanalinganisha saa na mahali, wanatembelea makaburi na kupiga picha, wanaandikia familia barua. Tovuti ya Aircrew Remembered imekusanya kwa njia hiyo habari za watu wa pande zote za vita, Wajerumani wakiwamo. Katika mji wa Lincoln, Uingereza, kipo kituo kiitwacho International Bomber Command Centre. Nje umesimama mnara wa mita 31, sawa na upana wa Lancaster kutoka ncha ya bawa moja hadi nyingine, ukizungukwa na kuta zenye majina karibu 58,000. Watu wa kujitolea wameandaa orodha ya majina hayo mtandaoni, na kila jina lina ukurasa wake.

Ndugu akifungua ukurasa huo anakuta umri, cheo, namba ya ndege, na majina ya wale sita waliokuwa naye. Mara nyingi ndiyo mara ya kwanza kujua kwamba mjomba hakufa peke yake.

Mvulana aliyeona moto

Nitatoa mfano mmoja, maana unatuhusu sisi watu weusi kuliko filamu za vita zinavyotuonyesha.

Cy Grant alizaliwa mwaka 1919 Guyana, wakati huo koloni la Uingereza huko Amerika ya Kusini. Alijiunga na jeshi la anga la Uingereza mwaka 1941, akawa ofisa na mwongoza njia. Usiku wa Juni 25 kuamkia Juni 26, 1943, ndege yao ikitoka kupiga mji wa Gelsenkirchen, Ujerumani, ilishambuliwa juu ya Uholanzi ikawaka moto. Grant aliruka kwa mwavuli, akakamatwa, akakaa mateka miaka miwili. Si wote saba waliosalimika. Ndege yenyewe iliangukia nyumba ya mkulima karibu na mji wa Nieuw-Vennep, na mke wa mkulima akafariki.

Gazeti la Wajerumani lilichapa picha ya Grant na kumwita mtu wa jeshi la anga la Uingereza asiyejulikana ni wa asili gani. Miaka mingi baadaye maneno hayo ya dharau aliyafanya jina la kitabu chake. Baada ya vita alisomea sheria, kisha akawa mwigizaji na mwimbaji maarufu, miongoni mwa watu weusi wa kwanza kuonekana mara kwa mara kwenye televisheni ya Uingereza.

Usiku ule ndege ilipoanguka, mvulana wa Kiholanzi wa miaka 11 aliiona. Hakuisahau. Alipokuwa mtu mzima alianza kuuliza: ilikuwa ndege gani, ndani walikuwamo nani, waliishia wapi? Utafiti wake ulimfikisha kwa Grant mwenyewe, na baadaye akaandika kitabu kuhusu ndege hiyo. Kisha mwanawe akashirikiana na Grant kuanzisha tovuti ya kukusanya majina ya vijana wote wa Karibiani waliopanda ndege za jeshi hilo. Grant alifariki mwaka 2010, lakini orodha ilikuwa imekwisha kuanza.

Fikiria hapo. Vijana wale walivuka bahari kwenda kupigania nchi ambayo baada ya vita iliwasahau upesi. Aliyewakumbuka ni mtoto wa kijiji kilichoangukiwa na ndege yao.

Kijaluba cha sigara

Kazi hii inataka uvumilivu, na inataka mtu anayekubali kukosolewa. Mwaka 2008, nanga ya boti ya uokoaji ilinasa kipande cha chuma katika ziwa la Markermeer, Uholanzi. Kilikuwa cha ndege ya mabomu aina ya Stirling, na watafiti walidhani wamejua ni ipi. Baadaye kilitazamwa tena kijaluba cha sigara kilichopatikana hapo. Kilikuwa na herufi za kwanza za jina la mwenyewe, na herufi hizo hazikulingana na mtu yeyote wa ndege ile. Zililingana na kijana wa ndege nyingine, BK716, iliyopotea Machi 1943 ikirudi kutoka Berlin. Mwaka 2020 mabaki yake yalitolewa majini.

Kijaluba ambacho kijana alikitia mfukoni bila kufikiri ndicho kilichowatambulisha vijana saba. Ndiyo maana orodha nzuri huandika kila habari imetoka wapi, na pale pasipo na uhakika huandika hivyo. Ndugu akileta barua au picha inayopinga kilichoandikwa, kinasahihishwa.

Kuna wanaouliza kama ni haki kuwaenzi waliotupa mabomu. Swali ni la haki. Mji wa Hamburg peke yake, Julai 1943, ulipoteza watu zaidi ya 30,000, wengi wao raia, wanawake na watoto. Kituo cha Lincoln hakikulikwepa jambo hilo. Katika hifadhi yake ya mtandaoni kimeweka pia ushuhuda wa watu waliopigwa mabomu. Kuandika jina la marehemu na namna alivyokufa si kumsifu kwa kila alilofanya. Ni kukataa kumfanya namba.

Na sisi je?

Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Watu wetu hawakuwapo daftari zilipoandikwa, na jambo lao likapotea.

Kila siku maelfu ya watu wa Dar es Salaam hupanda daladala za Kariakoo. Jina hilo linatokana na kikosi cha wapagazi cha Vita Kuu ya Kwanza, watu waliobeba risasi na vyakula vya jeshi vichwani wakafa kwa njaa na magonjwa. Nairobi nako kuna Kariokor, jina lilelile. Mwaka 2021, kamisheni ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hiyo, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Vita ya pili nayo ilituachia wafu wasio na kaburi. Februari 12, 1944, meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kwenda Ceylon ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldives, ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu zaidi ya 1,200, na mamia yao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Nao wana mama zao waliotazama njia.

Nyumbani kwetu kulikuwa na picha moja ukutani, kijana aliyevaa kofia ya Keya. Tukiwa watoto tulijua tu kwamba ni ndugu yake babu, alikwenda Burma. Tulipokua na kupata akili ya kuuliza, aliyejua jina lake lote alikuwa ameshazikwa. Picha tunayo mpaka leo. Jina hatuna.

Kwa hiyo ahsante yetu kwa wale wa ng'ambo isiishie mdomoni. Kama kwenu kuna mzee ambaye baba yake au mjomba wake alikuwa Keya, mtembelee mwezi huu. Usianze na vita. Anza na amkio, kaa, mwambie, "Shikamoo bibi, naomba unisimulie habari za mjomba." Washa simu irekodi. Uliza jina lote, jina la baba, kijiji, mwaka aliochukuliwa, na alikwenda na nani kutoka hapo kijijini. Tafuta namba ya jeshi kwenye cheti au nyuma ya medali. Kila picha iandike nyuma kwa penseli: nani huyu, wapi, mwaka gani.

Ukishapata jina, litafute kwenye tovuti ya kamisheni ya makaburi ya vita. Kutafuta ni bure. Huenda utalikuta limechongwa ukutani Nairobi, au juu ya kaburi ambalo hakuna ndugu aliyewahi kulitembelea. Na usipolikuta, umeshakuwa na ukurasa wa kwanza wa daftari ambalo hakuna mwingine atakayeliandika.

Mvulana wa Kiholanzi hakuwa na undugu na watu wa ndege ile. Sisi tunaotafuta ni wajomba zetu.