Jina la Tovuti ni la Nani?

Jina la kikoa, au domeini kama mafundi wengi wanavyoiita, ni anwani ya maneno inayosimama badala ya tarakimu. Kila seva kwenye intaneti ina namba yake, na namba hizo hazikaririki. Mwaka 1983 Mmarekani Paul Mockapetris alibuni mfumo wa kuzipa seva majina yaliyogawanywa kwa matawi, kila tawi na msimamizi wake. Tawi la Tanzania, .tz, lilifunguliwa mwaka 1995. Mwaka 2006 kiliundwa kituo cha tzNIC ili kulisimamia, na sasa rajisi yake iko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA.

Kikoa husomwa kuanzia mwisho, kama anwani ya bahasha: nchi kwanza, mlango wa mwenyewe baadaye. Kwenye .tz, biashara hutumia .co.tz, jumuiya na asasi .or.tz, vyuo vikuu .ac.tz, shule .sc.tz, na serikali .go.tz. Jina linaweza pia kukaa moja kwa moja mbele ya .tz, kama ilivyo karibu.tz, tovuti ya rajisi yenyewe. Mwenye wateja wa nje huenda akapenda .com, ila huko majina mafupi yaliisha zamani.

Tuseme seremala mwenye karakana Kipawa, kando ya Barabara ya Nyerere, anataka tovuti ya kuonyesha makabati yake. Neno “kipawa” peke yake halimsaidii sana, maana kwa wengi ni kipaji kabla ya kuwa kata ya jirani na uwanja wa ndege. Samanikipawa.co.tz inaeleza kazi na mahali. Akiweka kistari katikati, kila anayeitaja kwa simu itabidi aongeze neno “deshi”, na nusu ya wasikilizaji watalisahau.

Kanuni za uandishi ni chache: herufi a hadi z, tarakimu, na kistari kisichokaa mwanzo wala mwisho, kati ya nukta na nukta zisizidi herufi 63. Hakuna nafasi, na kwa kawaida hakuna ritifaa. Hapo Kiswahili kinabanwa, kwani muuza maziwa anayelitaka neno ng'ombe atapewa “ngombe”, asome mwenyewe. Lakini kinachopoteza wateja wengi zaidi ni sikio. Anayechanganya r na l ataandika “kalibu”, na jina lenye Kariakoo ndani yake litaandikwa na wengi kwa o moja. Kipimo kizuri ni kulitamka mara moja kwa mtu aliye kwenye daladala yenye muziki, kisha kumwomba aliandike.

Kabla ya kulipa, jina litafutwe pia kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA. Kusajili jina la biashara huko hakumpi mtu kikoa, na kuwa na kikoa hakumpi haki ya kutumia alama ya biashara ya mwingine. Ni madaftari mawili tofauti.

Usajili wenyewe hufanywa kwa msajili aliyeidhinishwa, na hauchukui muda. Mteja huandika jina kwenye kisanduku cha kutafutia, na likiwa huru hujaza fomu na kulipa ada ya mwaka mmoja au zaidi. Fomu hiyo ndiyo inayostahili kusomwa polepole. Ina sehemu ya mmiliki, ya mtu wa kuwasiliana naye, na ya fundi. Kipawa hakukosi vijana wa kompyuta wa kuijaza. Mamlaka ya mafunzo ya ufundi, VETA, ina kituo chake cha TEHAMA papo hapo. Fundi yeyote, popote alipo, akiharakisha kazi hujaza jina lake na barua pepe yake sehemu zote tatu, pengine bila nia mbaya. Kuanzia hapo rajisi inamtambua yeye. Siku akihama au akikosana na seremala, hakuna risiti ya karakana itakayoirudisha anwani kirahisi. Sehemu ya mmiliki iandikwe jina la biashara, barua pepe iwe ya mwenye mali, na nenosiri la akaunti akae nalo yeye. Fundi abaki kwenye sehemu yake.

Barua pepe hiyo ina kazi nyingine, nayo ni kupokea notisi za kulipia upya. Kikoa hukodishwa tu, hakinunuliwi moja kwa moja. Muda ukiisha, tovuti hufifia na barua pepe za ofisi hugoma. Kwa .com, msajili anaweza kumpa mwenyewe hadi siku 45 za kulipa, kisha hufuata siku 30 za kulikomboa jina kwa gharama kubwa zaidi, na siku 5 za mwisho ambazo hakuna linalowezekana. Baada ya hapo jina huachiwa, na programu za wanaonunua majina yaliyotelekezwa huweza kulidaka ndani ya sekunde chache.