DRIPU SIYO HESHIMA, NDUGU ZANGU! DAWA YA MSHIPA INA NJIA ZAKE

Mimi ni muuguzi, mwenyeji wa hapa hapa Tukuyu. Leo naomba tuongelee kitu kinacholeta ugomvi wodini kila kukicha: dripu.

Majuzi bibi mmoja alileta mjukuu mwenye malaria kali, wametoka kusalimia ndugu Kyela. Nikampa mtoto atesuneti kwenye mshipa, nikasukuma taratibu, nikamaliza. Bibi akanitazama. "Nesi mwanangu, ndiyo basi? Hata dripu hamumtundikii?" Nikamwambia, "Bibi, hiyo ndiyo dawa yenyewe." Hakuridhika hata kidogo.

Sasa tuelewane. Njia kuu ziko tatu.

1. Kusukuma kwa sindano. Dawa inaingia ndani ya dakika chache. Atesuneti ni hivyo: sindano ya kwanza mgonjwa anapofika, ya pili baada ya saa 12, ya tatu baada ya saa 24.

2. Dripu ya muda mfupi. Mfano ni metronidazoli, ile chupa ndogo ya mililita 100. Inaingia taratibu, ikiisha tunafunga na kanula inabaki mkononi.

3. Dripu ya masaa mengi. Kwinini ilikuwa inapita kwa saa 4, kila baada ya saa 8. Ukiisukuma kwa mkupuo, presha inaporomoka na moyo unaweza kusimama. Potasiamu ndiyo kabisa, haisukumwi kamwe!

Kwa hiyo dawa yenyewe ndiyo inaamua njia, siyo uchoyo wa nesi. Na kwinini haikuachwa hivi hivi. Utafiti wa mwaka 2010 kwa watoto 5,425 wa nchi 9 za Afrika, wakiwemo wa Korogwe na Muheza, ulionyesha waliopewa kwinini walikufa asilimia 10.9, wa atesuneti asilimia 8.5. Hao ni watoto waliopona kwa sindano ambayo bibi aliidharau.

Lingine ni kile kigurudumu cha mrija. Shemeji yangu aliwahi kukifungua chote usiku ili "mgonjwa apate nguvu haraka". Chupa ya saa 4 iliisha chini ya saa moja, mgonjwa akaanza kuhema. Mungu saidia tuliwahi. Chupa ya mililita 500 kwa saa 4, mrija wa matone 20 kwa mililita, ni matone kama 42 kwa dakika. Tunahesabu kwa saa, hatubahatishi. Mwaka 2011 utafiti wa Kenya, Uganda na Tanzania uligundua watoto mahututi wa homa waliomiminiwa maji kwa kasi walikufa wengi kuliko wasiomiminiwa. (Wa kuhara na kutapika ni habari nyingine, hawakuhusishwa.)

Basi ukiwa na mgonjwa, uliza bila woga: dawa gani hii, inaingia kwa muda gani, itarudiwa saa ngapi? Mkono ukivimba au mgonjwa akihema, piga kelele tuje. Ila kigurudumu usiguse, tafadhali.

Wadau mnasemaje?