Nozeli zimetengenezwa, mbona gari halitaki kuwaka?

UMELIPA pesa zako, fundi amepangusa mikono, nawe umeketi nyuma ya usukani ukitarajia kurudi nyumbani. Unapiga stata. Injini inazunguka na kuzunguka, lakini haishiki. Unajaribu tena na tena, hadi betri inaanza kulalamika. Fundi anakuna kichwa, kisha anatamka maneno ambayo kila mwenye gari la dizeli huyaogopa: "Bosi, naona hata pampu imekufa."

Tulia kwanza, msomaji mpenzi. Kabla hujatia mkono mfukoni mara ya pili, na hasa kabla hujagusa karo ya watoto, jiulize swali moja dogo: je, gari hili lilifika gereji likitembea au likivutwa? Ikiwa lilikuja kwa nguvu zake lenyewe, hata kama lilikuwa likitetemeka na kufuka moshi, basi pampu ilikuwa hai siku hiyo. Ni nadra sana pampu kufa yenyewe wakati nozeli, au injekta kama wengine wanavyoziita, ziko mezani zikitengenezwa. Kilichoguswa mwisho ndicho kinachopaswa kuulizwa kwanza.

Safari ya nozeli

Ili uelewe jinsi mambo yanavyoharibika, fuata safari ya nozeli zenyewe. Gereji nyingi za Kawangware, Kangemi na Dagoretti Corner ni za jua kali. Fundi wa hapo anaweza kuzifungua nozeli kwa ustadi, lakini kuzipima kunahitaji mashine maalumu. Kwa hivyo hupelekwa mjini, aghalabu katika barabara ya Kirinyaga ambayo wazee wa jiji bado huiita Grogan, au kule Industrial Area.

Msaidizi wa fundi hupanda matatu nambari 46, nozeli nne zikiwa zimefungwa kwa gazeti, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwezi Agosti mwaka 2017. Huku nyuma gari limebaki boneti wazi, mirija ya mafuta ikiangalia juu kando ya barabara yenye vumbi. Dizeli iliyokuwa ndani inarudi polepole kwenye tangi, na hewa inachukua nafasi yake.

Jioni nozeli zinarudi, giza linaingia, mteja anapiga simu kila baada ya dakika kumi. Zinafungwa haraka haraka. Hapo ndipo makosa madogo huzaliwa, yale ambayo baadaye husingiziwa pampu.

Dizeli huwakaje?

Injini ya petroli huwashwa kwa plagi zinazotoa cheche. Ya dizeli haina. Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilifanya kazi vizuri mjini Augsburg mwaka 1897, alitegemea jambo moja: hewa ikibanwa sana hupata joto. Yeyote aliyewahi kujaza taya ya baiskeli kwa pampu ya mkono ameuhisi moto huo. Ndani ya silinda joto hupita digrii 500, kisha nozeli hunyunyiza dizeli mithili ya ukungu, nayo huwaka yenyewe.

Basi mahitaji ni matatu tu. Injini izunguke kwa kasi ya kutosha, hewa ibanwe bila kuvuja, na dizeli ifike kwa wakati wake ikiwa na nguvu. Gari likikataa kuwaka, mojawapo ya hayo limekosekana.

Anza na betri, kwa sababu imeteswa tangu mchana. Ikiwa imejaa na kupumzika, husoma volti 12.6 hivi. Stata ikizunguka, isishuke chini ya volti 10 kwa mbali. Ikishuka, injini huzunguka kivivu na joto halipatikani. Ichaji, au uazime nyingine, kabla ya kulaumu chochote.

Moshi ndio shahidi

Sasa mwombe mtu apige stata huku wewe ukitazama bomba la moshi. Shahidi huyu hana sababu ya kudanganya.

Usipoona moshi wowote, dizeli haifiki kwenye silinda. Katika magari ya zamani, sababu ya kawaida baada ya kazi ya nozeli ni hewa kwenye mirija. Hewa hubanika, na pampu hubaki ikiibana na kuiachilia bila kusukuma mafuta. Dawa yake haigharimu kitu: bonyeza ile pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya filta hadi iwe ngumu. Kisha fundi alegeze kidogo nati za mirija pale inapoingia kwenye nozeli, stata ipigwe hadi mafuta yatoke bila povu, halafu nati zikazwe.

Aidha, hakikisha ule waya mmoja unaoingia kwenye swichi ya mafuta ya pampu umerudishwa. Ukifungua ufunguo, unapaswa kusikia mlio mdogo wa "tik". Usiposikia, mafuta yamefungiwa mlango.

Ukiona moshi mweupe unaonuka dizeli mbichi, habari ni tofauti. Mafuta yanafika, ila hayawaki. Hapa pampu inasukuma, kwa hivyo kuinunua upya ni kutupa pesa. Mwulize fundi maswali haya:

Je, hita plagi zinapata moto? Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na asubuhi za Julai upande wa Dagoretti zina baridi ya kukata mifupa. Injini za zamani bila hita hazisogei.

Je, wosha za shaba zilizo chini ya nozeli ni mpya, na zile kuukuu zilitolewa zote? Wosha moja iliyosahaulika shimoni huiinua nozeli, na hewa iliyobanwa huvuja ikitoa sauti ya "chuf, chuf". Wosha ni ya bei ndogo mno ukilinganisha na pampu.

Je, mirija imerudi kila mmoja mahali pake? Ikibadilishana, silinda hupata dizeli wakati usiofaa.

Tena usisahau vijirija vidogo vya kurudisha mafuta vilivyo juu ya nozeli. Mpira wake ukishazeeka hupasuka unapovutwa, na gari linalowaka jioni hukataa asubuhi kwa sababu hewa imeingia usiku kucha.

Magari ya komoni reli

Magari mengi ya dizeli ya siku hizi hutumia mfumo wa komoni reli, unaoongozwa na kompyuta. Haya yasilegezwe nati kama yale ya zamani. Taya ya gari dogo hubeba paundi 30 hivi. Reli hii injini ikinguruma inaweza kupita paundi 20,000. Mchirizi wake hutoboa ngozi na kuingia mwilini kama sindano. Akipigwa mtu, hata kama tundu ni dogo na haliumi, akimbizwe hospitalini mara moja.

Kompyuta ya magari haya hairuhusu nozeli kufunguka mpaka reli ipate nguvu ya kutosha, ambayo kwa mengi hukaribia paundi 3,000. Nozeli moja ikivuja sana upande wa kurudisha mafuta, nguvu hiyo haipatikani. Fundi mwenye ujuzi huunganisha kila nozeli na chupa yake ndogo na kupiga stata. Chupa inayojaa upesi kuliko nyingine ndiyo ya mwenye hatia. Vile vile, nozeli mpya nyingi zina namba za siri ambazo lazima ziandikwe kwenye kompyuta, la sivyo injini hutetemeka na kutoa moshi.

Mambo ya kuepuka

Usipige stata zaidi ya sekunde 15 mfululizo. Ipumzishe dakika moja, la sivyo utainunua nayo. Usikubali petroli au dawa ya kupuliza itiwe kwenye mdomo wa hewa wakati hita plagi zina moto, maana mlipuko wake unaweza kuvunja injini na kumjeruhi mtu.

Nawe mama mwenye gari, usikubali kuambiwa "madam, tuachie sisi." Sheria ya Kulinda Watumizi ya mwaka 2012 ina sehemu nzima kuhusu ukarabati wa magari. Inakupa haki ya kupewa makadirio ya gharama kabla kazi haijaanza, na ya kurudishiwa vipuri vilivyotolewa. Vidai. Omba pia matokeo ya mashine iliyopima nozeli zako, moja baada ya nyingine.

Mwisho, jiulize ni nini kilichoziua nozeli za kwanza. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa hailainishi vyuma ipasavyo. Ulaghai huo ulishamiri kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuukomesha. Jaza tangi kwenye kituo unachokiamini, ubadilishe filta kwa wakati, na umwage maji yanayotuama chini yake.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Fundi akisema pampu imekufa, mwombe kwanza atoe hewa, atazame wosha na akueleze moshi ulikuwa wa rangi gani. Akishindwa kujibu hilo la mwisho, bado hajaanza kutafuta ugonjwa, na pesa zako hazina sababu ya kutoka mfukoni.