Barua ya wito, na mikono inayoibeba

Mwanamke aliyekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya kata, katikati ya Kasulu na Kibondo, alikuwa ameshika barua isiyokuwa yake. Mimi nilifika pale kuulizia bei ya maharage. Bahasha ilikuwa ya kaki, juu yake jina la mwanamume kwa kalamu ya bluu. Ndani mlikuwa na wito: baba wa watoto afike ofisi ya ustawi wa jamii, siku na saa zimetajwa, bila kukosa. Aliyelalamika ni mwanamke huyo. Mlalamikiwa ni mumewe. Na aliyekabidhiwa kazi ya kuifikisha barua kwa mumewe ni yeye huyo huyo.

Nilimuuliza kama haogopi. Akasema anamngoja mtendaji, huenda akampatia mgambo wa kumsindikiza. Mtendaji alikuwa ameitwa wilayani.

Malalamiko juu ya maafisa ustawi nilishayazoea, kama yeyote anayeandika habari za nyanda hizi za juu za Kigoma. Wanachelewa. Wanasuluhisha mambo ya kupelekwa polisi. Wanaegemea upande wenye fedha, au wanamkabidhi mtoto kwa ndugu bila kwenda kuona atakapolala. Lakini nani anaibeba barua, hilo hakuna aliyewahi kunieleza.

Nikamtafuta afisa mmoja aliyefanya kazi Kasulu na pia Kibondo. Alikubali kuzungumza mradi nisimtaje jina wala halmashauri anayoitumikia sasa. Hakulikwepa swali. Barua nyingi anazoandika, alisema, hupelekwa na walalamikaji wenyewe. Yeye huandika, hugonga mhuri, huingiza kwenye rejista, kisha humkabidhi mama. Kutoka hapo kila barua ina safari yake. Wapo wanaoifunga kwenye pindo la kanga, wapo wanaoificha ndani ya daftari la mtoto la shule. Wapo wanaomtuma mtoto mwenyewe akaiweke mezani wakati baba yuko shambani, na mtoto huyo ndiye anayegombewa. Nyingine huishia mikononi mwa mama mkwe, na hapo kikao cha ukoo hutangulia kile cha ofisini. Zipo zilizochanwa mbele ya aliyezileta. Zinazomnyima usingizi ni zile ambazo mama akishazichukua harudi tena. Kwenye rejista safu ya matokeo hubaki tupu. Hajui kama wamepatana, kama mama amerudi kwao, au kama alipigwa akanyamaza.

Kwa nini asizipeleke mwenyewe? Hana usafiri. Bodaboda ya kwenda na kurudi kijiji cha mbali hulipwa kutoka mfukoni mwake, na pikipiki ya ofisi ikipatikana, msimu wa ushuru wa mazao huwa na kazi nyingine. Akimwomba mlalamikaji nauli, kesho yake inakuwa habari ya rushwa. Asipomwomba, haendi.

Kwenye karatasi mambo yamepangwa. Sheria ya Mtoto ya 2009 imezipa serikali za mitaa jukumu la kulinda ustawi wa mtoto katika maeneo yao, na inamtaka mwananchi anayeona haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa huko. MTAKUWWA, mpango ulioanza 2017 wa kutokomeza ukatili, ulishusha kamati za ulinzi hadi vijijini. Simu 116 inapigwa bure. Njia zote hizo humfikisha mtoto kwenye meza ya afisa ustawi yuleyule mmoja, ambaye pia anasubiriwa na mzee anayeomba msamaha wa matibabu na kijana aliyeko mahabusu.

Kambi za wakimbizi ndizo zinazomuuma. Nyarugusu ipo wilayani Kasulu tangu 1996, na Nduta ya Kibondo ilifunguliwa upya 2015 Warundi walipoingia kwa wingi. Anakumbuka vikao vya uratibu vya miaka ile. Mtoto aliyevuka mpaka peke yake alikuwa na faili, mtu wa kulifuatilia na gari la kumfikia. Hawaonei wivu watoto wale, na misaada yenyewe imepungua. Anachosema ni kwamba mtoto wa kijiji cha Makere, jirani tu na Nyarugusu, alistahili vivyo hivyo.

Nilimbana kuhusu suluhu. Kwa mtoto aliyebakwa, alisema, hakuna cha kusuluhisha: sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 iliweka kifungo kisichopungua miaka 30, na ofisa anayewakalisha wazazi kwa jambo hilo afukuzwe kazi. Lakini anajua kuhusu mbuzi wanaopelekwa usiku kwa wazazi wa mtoto. Anajua kamati ambazo mjumbe wake ni shemeji wa mtuhumiwa. Amewahi kusikia gulioni maelezo aliyoyaandika kwa siri. Malalamiko hayo anayakubali. Ya matunzo hayakubali kirahisi. Mama humleta mumewe ustawi akitumaini amri, naye hana amri ya kutoa. Baba akikataa, njia ni mahakama, na asiyekuwa na nauli ya kufika ofisini ataitoa wapi ya mahakamani?

Namwonea huruma mtu huyu. Hata hivyo, kumpa mwanamke anayepigwa barua ampelekee anayempiga ni kosa, mafuta yawepo yasiwepo, na nilimwambia hivyo. Alikubali. Akaongeza kwamba palipo na kipigo humpigia mwanamume simu, au humtuma mtendaji. Na mtendaji akiwa ndugu wa mlalamikiwa? Hilo hakulijibu. Nilipouliza anayetaka kumshtaki ofisa mwenyewe aende wapi, alisema kwa mkurugenzi wa halmashauri. Mhuri ulio kwenye barua ni wa mkurugenzi huyo huyo.

Haombi gari. Anaomba fungu la mafuta lisiloguswa na mtu mmoja wa kusambaza wito, kama mahakama zinavyofanya. Ameliandika hilo kwenye mapendekezo ya bajeti, likafutwa. Kwenye baraza la madiwani amesikia maswali ya barabara, zahanati na madawati. Swali la wito unafikaje kijijini, hajalisikia bado.